Kabla ya Kununua Mpya, Tujaribu Kivinjari Kingine

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwenzetu wa kundi la 1973–76 katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Same, Desemba 2025. Yanapigwa chapa hapa kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Katibu aliponiandikia aliniambia nichague jambo lo lote, ila nisizidishe nusu saa. Najua wengi wenu mlitazamia kwamba mtu aliyeishi na vitabu vya hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini atazungumza juu ya fedha za Umoja wetu. Nitafika huko, lakini kwa njia ya kuzunguka kidogo. Leo nataka tuzungumze juu ya kivinjari. (Minong'ono.)

Mnaonong'ona nawaelewa. Neno hilo halikuwa na maana hii tulipokuwa tukisoma hapa. Kuvinjari tulikujua kuwa ni kuzungukazunguka huku ukichunguza, kama askari wa zamu usiku. Siku hizi kivinjari ni ile programu ya simu au ya kompyuta inayokwenda kuchukua tovuti huko iliko na kukuonyesha. Mtu akisema "nimeingia intaneti", kwa hakika ameingia kwa mlango wa kivinjari. Wengi wetu hatujui hata kama ni kitu cha pekee, kwa sababu tulikikuta ndani ya simu tuliyonunua kama tulivyoikuta betri yake. Hatukukichagua, na wala hatukuulizwa.

Nami sikuwa mwerevu kuliko ninyi. Nilitumia nilichokikuta kwa miaka mingi, hadi Novemba 2024, dada yangu mkubwa aliponipigia simu kutoka Vudee.

Sasa sikilizeni. Dada hakunipigia kuniuliza habari za simu wala za intaneti. Alinipigia kuniuliza mbuzi wawili majike anaweza kuwauza kwa bei gani. Nikamwuliza, "Dada, kuna msiba?" Akasema hakuna msiba, ila simu yake imekufa na mjukuu anatakiwa kupeleka maombi ya chuo kwa intaneti, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Alikuwa ameteremka hadi mjini, akaingia katika duka moja, na fundi akamwambia kwamba simu imezeeka, haitengenezeki, anunue mpya kwa shilingi 230,000. Nikamwuliza, "Imekufaje, nawe unanipigia kwa simu hiyo hiyo?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Inapiga. Lakini kwenye mambo ya chuo imekufa." (Kicheko.)

Simu hiyo ilikuwa yangu. Niliinunua mwaka 2016, nikampa dada mwaka 2020 nilipopata nyingine. Ndivyo simu zinavyoishi katika nchi yetu: huanzia mijini zikiwa mpya, na zikichoka ndipo zinapanda milimani. Kwa hiyo niliona aibu, maana mzigo uliokuwa ukimuuzisha mbuzi ulikuwa zawadi yangu mwenyewe. Kesho yake nilipanda gari.

Nilipofika nilikuta simu imefungwa katika kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku. Mjukuu alikuwa ameona maandishi yanayosema kwamba muunganisho si wa faragha na kwamba huenda kuna watu wanajaribu kuiba habari zake, naye akamwambia bibi yake kwamba wezi wameingia ndani ya simu. Nani angemlaumu mtoto? Maandishi yenyewe yalikuwa na alama nyekundu. Nikajaribu mwenyewe, yakatokea yale yale. Tovuti mbili tatu nyingine zilifunguka vizuri, ile ya chuo ikakataa.

Nikampigia mwalimu wetu kijana wa somo la kompyuta, ambaye yuko hapa kati yenu na ameniomba nisimtaje jina. Baada ya shikamoo aliniuliza jambo moja tu, simu hiyo ni ya Android toleo la ngapi. Tukatafuta, tukaona ni la 6. Akasema, "Mzee, msiuze mbuzi kwanza. Wekeni kivinjari kingine. Jaribuni Firefox, halafu mfungue ukurasa ule ule." Mimi na mjukuu tukapanda mpaka ukingoni ambako mtandao hupatikana vizuri, tukakipakua, na nusu ya bando langu ikaenda huko. Tukaandika anwani ile ile. Ukurasa wa chuo ukafunguka.

Fomu ilipelekwa Alhamisi jioni. Mjukuu alipata nafasi na sasa yuko chuoni. Mbuzi wapo, na mmoja amekwisha zaa. (Makofi.)

Lakini swali lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi. Simu ni ile ile, laini ni ile ile, bando ni lile lile na tovuti ni ile ile. Kwa nini mlango mmoja ukatae na mwingine ukubali? Nikamwendea mwalimu anieleze, naye akanieleza kwa mfano ambao mimi na umri wangu niliuelewa mara moja.

Mnakumbuka barua za utambulisho. Ukitaka kuhamia mahali au kufungua jambo ofisini, balozi wa nyumba kumi anaandika kwamba anakufahamu. Lakini afisa wa mbali hamjui balozi wako. Basi mtendaji wa kijiji anagonga mhuri kumthibitisha balozi, wa kata anamthibitisha wa kijiji, na kadhalika mpaka ufike kwa mkubwa ambaye afisa anaujua mhuri wake. Tovuti nazo ziko hivyo hivyo. Kila tovuti ya kuaminika hubeba cheti, na cheti hicho kimethibitishwa na mwingine, mpaka kufika kwa mkubwa mmoja wa mwisho. Simu yako ina orodha ya wakubwa hao. Ikiona mhuri wa mkubwa aliyemo katika orodha, inafungua. Isipomjua, inapiga kelele kwamba kuna wezi.

Mwishoni mwa mwaka 2015 shirika moja la Marekani lisilo la faida, liitwalo Let's Encrypt, lilianza kutoa vyeti hivyo bure. Zamani vilikuwa vya kununua. Mamilioni mengi ya tovuti yakachukua vyeti vya bure, na ilikuwa heri kubwa, kwa sababu hata chuo kidogo kisicho na fedha kiliweza kuwa na tovuti salama. Lakini mkubwa huyu alikuwa mgeni, na simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 zilitoka kiwandani bila jina lake katika orodha. Kwa miaka kadhaa aliazima mhuri wa mkubwa wa zamani anayejulikana. Mwaka 2020 shirika lenyewe lilieleza kwamba kiasi cha theluthi moja ya simu za Android zilizokuwa zikitumika duniani zilikuwa za kabla ya toleo hilo, likawashauri wenye simu hizo waweke Firefox. Kisha likapata njia ya kuongeza muda. Muda wa mhuri wa kuazima ulikwisha kabisa tarehe 30 Septemba 2024. Dada yangu alipatwa na mkasa wake wiki chache baadaye.

Na kwa nini Firefox ikakubali? Kwa sababu kivinjari hicho hakitegemei orodha ya simu. Kinatembea na orodha yake mfukoni, na orodha hiyo hubadilishwa kila toleo jipya linapotoka. Kile kilichokuja na simu ya dada kilikuwa kinasoma orodha ya kiwandani, iliyofungwa miaka mingi iliyopita. Basi hakuna mwizi aliyeingia, na simu haikuwa imekufa. Kilichokuwa kimezeeka ni orodha ya mihuri. Kwa haki niseme pia kwamba matoleo ya karibuni ya Firefox yenyewe yameanza kuziacha simu za zamani sana, kwa hiyo mlango huu nao hautakaa wazi milele. Lakini mwaka ule ulikuwa wazi, na ulimwokolea dada shilingi 230,000.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye Umoja wetu. Wajumbe watakumbuka kwamba katika mkutano wa mwaka jana tulipitisha kwa kauli moja kununua kompyuta 14 mpya kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule, kwa makadirio ya shilingi 650,000 kila moja, yaani shilingi 9,100,000. Sababu iliyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni hii: "Zilizopo ni za zamani na hazifungui tovuti." Mimi nami niliinua mkono kukubali. Niliposikia habari ya dada nilikumbuka mkono wangu huo, nikaona haya. Sentensi ile ya kumbukumbu ilikuwa sawasawa na maneno ya yule fundi wa dukani.

Kabla sijasema tulichokikuta katika chumba kile, nataka niulize kwa nini sisi sote, watu wazima na wenye akili zetu, hatukufikiri kujaribu mlango mwingine. Watani wetu Wachaga husema kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. (Kicheko.) Haya, kwa kuwa tunapenda kesi, nitawapa kesi tatu.

Ya kwanza ni ya Microsoft. Miaka ya 1990 kivinjari kilichopendwa na wengi kilikuwa Netscape, kilichotoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa chake, Internet Explorer, na baadaye ikakifunganisha na Windows, hata kila aliyenunua kompyuta akakikuta kimo ndani. Kilifanya kazi, na wengi hawakuona sababu ya kutafuta kingine. Mei 1998 Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa yakaishtaki kampuni. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua kwamba imevunja sheria, akaamuru igawanywe kampuni mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilifuta amri ya kuigawa, lakini ilikubali sehemu kubwa ya makosa, na mwisho pande zikapatana. Netscape yenyewe ilikuwa imekwisha nunuliwa na hali yake ni taabani. Internet Explorer ikashika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wote.

Tazameni kilichofuata. Toleo la 6 la Internet Explorer lilitoka mwaka 2001. Toleo la 7 lilitoka mwaka 2006. Miaka mitano mizima hakuna toleo jipya, ingawa matundu ya usalama yalikuwa yakilalamikiwa kila siku! Na kilichowaamsha ni nini? Watu waliokuwa wameachiwa programu za Netscape walikuwa wakifanya kazi polepole, na Novemba 2004 wakatoa Firefox 1.0. Watu walipoanza kuhamia huko, ndipo upande wa pili ukakumbuka kupalilia shamba lake. Mimi naona kwamba hata aliyebaki na Internet Explorer alifaidika na yule jirani aliyehama.

Kesi ya pili ni ya Ulaya. Microsoft iliahidi kuwaonyesha watu wa huko orodha ya vivinjari wachague wenyewe, na kuanzia mwaka 2010 ikafanya hivyo. Kisha kwa zaidi ya mwaka mmoja orodha hiyo ikakosekana katika kompyuta za mamilioni ya watu. Machi 2013 ikatozwa faini ya euro milioni 561. Miaka mitano baadaye, Julai 2018, ilikuwa zamu ya Google: euro bilioni 4.34 kwa mambo ya Android, mojawapo likiwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu kuweka kivinjari cha Chrome kabla simu haijatoka kiwandani. Mwaka 2022 mahakama iliipunguza faini hadi euro bilioni 4.125. Mtu ye yote asituambie kwamba habari ya "nilikikuta humo" ni jambo dogo.

Kesi ya tatu ndiyo ninayoipenda kama mtu wa hesabu. Katika kesi iliyoamuliwa Marekani Agosti 2024 ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa kampuni nyingine, ili utafutaji wake uwe ndio unaokutwa tayari katika simu na vivinjari vyao. Bilioni 26.3! Kampuni hailipi fedha hizo kwa jambo lisilo na faida. Wamekwisha piga hesabu ya uvivu wetu, wakajua kwamba mtu akikuta kitu kimewekwa hatakigusa. Na ili niwe mkweli, hata waliotengeneza Firefox hupata sehemu kubwa ya mapato yao kutoka kwa Google hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Septemba 2025 jaji alikataa kuilazimisha Google kuiuza Chrome, ila aliipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje.

Sisemi kwamba kilichowekwa ni kibaya. Chrome ni chombo kizuri, ndiyo maana kiasi cha theluthi mbili ya dunia inakitumia. Nasema tu kwamba kuwekwa kwake si ushahidi wa uzuri wake. Babu zetu walioteremka kutoka milimani mwaka 1945 na kukusanyika hapa Same juu ya kodi ya mbiru hawakukataa kulipa kodi. Walitaka kuelezwa inakadiriwa kwa kipimo gani.

Baada ya mkasa wa dada nilijiwekea jaribio. Kwa majuma mawili nilitumia vivinjari vingine peke yake katika simu yangu, na kile cha zamani nilikificha nisikione. Nikaandika kila siku, kwa daftari, kama nilivyozoea.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za taabu, nakiri. Kidole kilikuwa kikienda chenyewe mahali pa zamani. Maneno ya siri niliyokuwa nimeyahifadhi kule hayakuwapo huku, na mawili nilikuwa nimeyasahau kabisa. Ofisi moja ambayo sitaitaja ina ukurasa ambao ulikataa kuonyesha sehemu ya chini ya fomu katika Firefox, na katika Chrome ukakubali. Sababu ni kwamba mafundi wengi siku hizi hujaribu kurasa zao katika Chrome tu, jambo ambalo ni dhambi ile ile ya wakati wa Internet Explorer, imevaa shati jipya. Siku hiyo nilirudi kwa kile cha zamani, nikajaza fomu, nikaendelea. Kurudi si aibu.

Jambo jingine nililojifunza ni hili. Mkitoka hapa mkasimama barabarani mtaona mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapita, kila moja na rangi yake na jina lake, lakini fundi atawaambia kwamba mengi injini ni moja. Vivinjari viko hivyo. Opera, Brave, Vivaldi, na hata Edge ya Microsoft tangu mwaka 2020, vyote vinaendeshwa na injini moja na Chrome. Firefox ina injini yake. Kwa hiyo mtu akikuambia amejaribu vivinjari vitano, mwulize amejaribu injini ngapi.

Lakini injini si kila kitu, na hapa lazima nitue mzigo kwa Opera Mini, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa milimani kuliko nyingine zote. Opera ilianzia Norway mwaka 1994 ndani ya kampuni ya simu ya taifa hilo, iliyokuwa kwao kama TTCL ilivyo kwetu. Opera Mini ilijaribiwa huko mwaka 2005 na kuenezwa dunia nzima Januari 2006. Wengi wenu mliitumia katika simu ndogo za vibonyezo, ile yenye herufi O nyekundu. Wakati huo waya wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulifika mwaka 2009. Intaneti yetu ilipita kwenye satelaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Kivinjari hicho kilikuwa mkombozi.

Siri yake ninaweza kuieleza kwa neno moja la kwetu, ndiva. Vijana mliozaliwa mjini, ndiva ni lile bwawa dogo ambalo wazee walichimba kando ya mlima. Kijito kikiwa kidogo, ukikielekeza moja kwa moja shambani maji yananyonywa na mfereji kabla hayajafika. Basi wanayakusanya usiku kucha katika ndiva, na asubuhi mwenye zamu anafungua, maji yanashuka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho. Ukiteremka kutoka Vudee kwenda Bangalala utaona zinafanya kazi mpaka leo. Opera Mini inafanya vivyo hivyo. Ukiomba ukurasa, simu yako haiendi yenyewe. Kompyuta kubwa za kampuni zinauchukua ukurasa mzima, zinaukamua, zinaufinya, halafu zinakutumia ulio mdogo. Kampuni yenyewe husema unaweza kupungua hadi asilimia 90. Katika jaribio langu nilisoma magazeti kwa siku nne kwa bando ambalo kwa kawaida lilinitosha siku moja na nusu, na kule kwa dada ambako mtandao huja na kwenda kurasa zilifunguka nikiwa nimekaa barazani, bila kupanda ukingoni.

Lakini mwenye ndiva huyaona maji yote. Ukitumia ule ukamuaji mkali kabisa, ukurasa hufunguliwa huko kwenye kompyuta za kampuni kabla ya kukufikia, hata ule uliofungwa kwa cheti. Kusoma gazeti hakuna ubaya. Mambo ya benki, pensheni na maneno ya siri msipitishe humo hata kidogo. Na tangu mwaka 2016 ndiva hiyo imebadilisha mwenyewe, imenunuliwa na kundi la makampuni ya China. Sisemi hivyo kwa kuwatilia watu shaka, ila mtu anayetumia bwawa la mwingine ajue ni la nani.

Majuma mawili yalipokwisha nilibaki na viwili: Firefox kwa kazi zangu zote za kawaida, na Opera Mini ya kusomea magazeti nikiwa milimani. Kile cha zamani sikukifuta. Kipo kwa ajili ya ile ofisi yenye fomu.

Sasa nirudi katika chumba cha kompyuta. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, mimi na mwalimu tuliingia humo Jumamosi mbili mfululizo. Kompyuta zote 14 ni za Windows 7, zile ambazo Umoja wetu wenyewe ulizitoa zikiwa zimetumika. Wanafunzi walikuwa wakibonyeza Internet Explorer, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imewekwa mbele, na tovuti nyingi za leo haziipokei. Microsoft yenyewe iliistaafisha Juni 2022. Mashine tatu zilikuwa na Chrome, lakini Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023. Watengenezaji wa Firefox ndio waliobakiza toleo maalumu, la 115, na kuendelea kulitolea marekebisho ya usalama kwa ajili ya mashine hizo za zamani hata baada ya wengine kuziacha. Tukaliweka.

Kati ya 14, tisa zilifungua tovuti zote tulizozijaribu, zikiwamo za masomo ambazo walimu walituandikia katika karatasi. Tano hazikufaa: mbili haziwaki kabisa, moja kioo kimekufa, na mbili ni nzito kiasi kwamba unaweza kunywa chai ukisubiri.

Sitaki kuwadanganya. Windows 7 yenyewe haipati marekebisho ya kawaida tangu Januari 2020, na kivinjari kipya ndani yake ni mlango mpya katika nyumba yenye ukuta wa zamani. Kwa hiyo mwalimu ameamua kwamba katika mashine hizo hakuna kuweka matokeo ya mitihani wala habari za watoto, na tayari mbili kati ya hizo tisa amezibadilisha kwa kuzitia Linux, ambayo ni ya bure. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walimsaidia na ninasikia sasa wanagombea zamu. Jambo hili lina haraka zaidi kuliko mnavyodhani, kwa sababu tangu Oktoba 2025 Windows 10 nayo imeachwa, na ofisi nyingi zitatuletea kompyuta za namna hiyo kama msaada. Tuzipokee, lakini tuwe na fundi wetu.

Najua kuna wajumbe wawili ambao wamekwisha zungumza na muuzaji mjini, na nilipowaambia haya mmoja wao alinijibu kwamba nataka shule yetu ionekane maskini. Nimelifikiri neno hilo kwa siku nyingi, kwa sababu ni rafiki yangu, tulilala kitanda cha juu na cha chini. Jibu langu ni kwamba nilikwenda bwenini siku ile ile ya kompyuta. Mfereji wa bati wa bweni la mashariki umeoza, na watoto wanateka maji kwa ndoo kama sisi tulivyoteka mwaka 1974. Kompyuta tano mpya zitachukua shilingi 3,250,000. Zitabaki shilingi 5,850,000. Nimeomba makadirio ya tangi na mifereji ya bati kwa mafundi wawili, na karatasi zao ziko mezani kwa Katibu, ye yote anaweza kuzisoma wakati wa chakula. Yote mawili hayazidi fedha hizo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza kwamba azimio la mwaka jana lirekebishwe, tununue kompyuta tano badala ya 14, na fedha zitakazobaki ziende kwenye maji ya bweni. Chumba cha kompyuta kiko wazi mpaka saa kumi na moja, na mwalimu atakuwapo. Wasioniamini waende wakabonyeze wenyewe kabla ya kupiga kura.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. (Makofi.)